Kisigino cha Mpagazi: Historia ya Kano, Kisu na Subira

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Kuna kiungo kimoja tunachokikumbuka mara tano kwa siku tukiwa na birika mkononi, kisha tukakisahau mpaka adhana nyingine. Kiungo hicho ni kisigino. Mtume wetu (s.a.w.) aliwaonya vikali waliotia udhu kwa haraka wakaacha visigino vyao vikavu, na hapana mtoto wa chuoni katika mwambao wetu asiyefundishwa hayo. Lakini ni wangapi kati yetu waliopata kukaa wakafikiri kisigino kimebeba nini, na kikiugua hutibiwa vipi? Leo nataka tulizungumze jambo hili kwa njia ya historia, maana limenifika nyumbani mwangu.

Mwezi wa Septemba 2024 dada yangu alinipigia simu kutoka Bagamoyo akilia. Mwanawe, yaani mpwa wangu, ni mchukuzi wa magunia katika soko la nafaka la Kibaigwa, wilaya ya Kongwa, mkoa wa Dodoma. Kwa mwaka mzima na zaidi kano ya kisigino chake cha kulia ilikuwa ikimuuma. Asubuhi alipotoka kitandani alitembea kama mzee wa miaka themanini, na yeye hajafika arubaini. Alikuwa amekwisha kupaka kila aina ya mafuta, na amechomwa sindano ya kisigino mahali ambapo sitapataja. Sasa alitaka kupasuliwa, tena upesi, arudi kazini. Mama yake hataki kusikia neno kisu. "Kaka," aliniambia, "wewe ni mwalimu. Mwambie asubiri, Mungu atamponya." Na kijana naye akaniambia, "Mjomba, kusubiri hakununui unga."

Basi nilipanda treni nikaenda Dodoma. Na njiani, msomaji wangu, nilianza kufikiri yale ninayoyaandika hapa.

NJIA YA UGOGO

Treni ya umeme, iliyozinduliwa rasmi mwezi wa Agosti 2024, hutoka Dar es Salaam ikafika Dodoma kwa muda wa saa nne hivi. Mtu hupanda baada ya swala ya asubuhi, na adhuhuri haijaingia naye yuko juu ya uwanda wa kati, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Nilipokuwa nikitazama mibuyu na vichaka vikikimbia dirishani, niliwakumbuka waliopita nchi ile kabla yetu, na hao hawakuwa na gurudumu hata moja.

Tangu enzi za babu zetu, njia kuu ya biashara ilianza Bagamoyo ikapanda Usagara, ikapita Mpwapwa, ikavuka nyika kavu iitwayo Marenga Mkali, kisha ikaingia Ugogo. Baada ya Ugogo palikuwa na nyika nyingine, Mgunda Mkali, ndipo msafara ukafika Unyamwezi na Tabora. Waingereza Burton na Speke waliondoka pwani mwezi Juni 1857, wakafika Kazeh, ndiyo Tabora, mwezi Novemba mwaka ule ule. Miezi mitano kwa miguu. Na katika Ugogo kila mtemi alidai hongo kwa kupita katika nchi yake na kwa maji ya visima vyake. Ndilo neno ambalo leo limekuwa jina la rushwa.

Mizigo yote ile ilibebwa na wanadamu. Mpagazi mmoja alichukua kiasi cha frasila mbili, yaani kilo thelathini na zaidi, begani au kichwani, mbali ya chakula chake, chungu chake na mkeka wake. Wengi walikuwa Wanyamwezi na Wasukuma, na pamoja nao walikuwamo Waswahili wa mrima. Nguo na shanga zilipanda bara. Pembe za ndovu ziliteremka pwani. Tena mwishoni mwa karne ya 19 ukaja msiba mwingine wa miguu: funza, mdudu aliyefika Angola kwa meli kutoka Brazil mwaka 1872, akavuka bara lote mpaka kwetu katika muda wa miaka ishirini na kitu, akiingia chini ya kucha na ndani ya visigino vya wasafiri.

Msomaji, milango ile ya nakshi tunayojivunia katika miji yetu, mabati na mawe ya nyumba, na hata wakfu wa baadhi ya misikiti, sehemu ya mali yake ilitembea juu ya visigino vile. Vitabu vya wasafiri vimejaa hesabu za frasila na doti za nguo. Mpagazi aliyeumia mguu alipata mstari mmoja, au hakupata, naye mara nyingi aliachwa njiani mzigo wake ukagawiwa wenziwe. Msafara haukuwa na siku za kumngoja kano yake ipone.

Reli ya Wajerumani ilifika Dodoma mwaka 1910 na Kigoma mwaka 1914, na misafara ikafa. Lakini kubeba hakukufa. Nilipofika Kibaigwa nilimkuta mpagazi wa zama zetu: kijana aliyevaa kandambili, gunia la kilo 100 mgongoni, akipanda ubao wa lori kwa vidole vya miguu. Na pengine gunia lenyewe ni lumbesa, lililoshindiliwa na kuongezwa kilemba, ambalo humpunja mkulima kwa kipimo na kumvunja mchukuzi kwa uzito. Kila hatua juu ya ubao ule, anayeinua mwili na gunia ni kano moja.

KANO HII NI NINI?

Shika mguu wako nyuma, juu kidogo ya kisigino. Utagusa kitu kama kamba ngumu. Ndiyo kano inayounganisha misuli ya shavu la mguu na mfupa wa kisigino. Urefu wake ni kiasi cha sentimita 15, nayo ndiyo nene na yenye nguvu kuliko kano zote za mwili. Mtu akikimbia huchukua uzito unaozidi uzito wa mwili wake mara kadhaa.

Waarabu huiita urqub, nao waliifahamu zamani sana, kwa kuwa mwenye kutaka kumwangusha ngamia huipiga kano ya mguu wake. Wafasiri wa Qur'ani wanapoeleza kisa cha Nabii Saleh (a.s.) na ngamia aliyeuawa na kaumu yake ya Thamud, husema kuwa neno lililotumika lina maana ya kukata miguu namna hiyo. Wayunani nao walikuwa na hadithi yao ya shujaa Achilles, ambaye mamaye alimchovya katika mto wa ajabu asidhurike na silaha, akamshika kisiginoni. Pale palipokuwa mkono wa mama maji hayakufika, na hapo ndipo alipopigwa mshale akafa. Kwa ajili hiyo madaktari wa dunia huiita kano ya Achilles. Ajabu ni kwamba hadithi yao na onyo letu la udhu vyakutana mahali pamoja: kisigino ambacho maji hayakufika!

Jina hilo liliandikwa katika elimu ya tiba na daktari Philip Verheyen wa Leuven, nchi ambayo leo ni Ubelgiji, katika kitabu chake cha mwaka 1693. Naye alikuwa mwanafunzi wa dini aliyekuwa akisomea upadri, akaugua mguu hata ukakatwa, na baada ya hapo akageukia tiba akawa bingwa wa kuueleza mwili wa mwanadamu. Sisi tunamkumbuka Urwa bin Zubeir, mwanachuoni wa Madina aliyekatwa mguu akashukuru kwa viungo vilivyobaki. Mguu mmoja uliokatwa unaweza kumfungua mtu macho kuliko miguu miwili mizima.

HOFU YA SINDANO

Sasa tuje katika historia ya kisu. Kwa muda wa zaidi ya miaka elfu, waganga wakubwa waliogopa kuigusa kano kwa sindano. Galen, tabibu wa Warumi wa karne ya pili, hakuipambanua sawasawa kano na mshipa wa fahamu, akafundisha kuwa kuichoma humletea mgonjwa kifafa cha mwili. Neno lake lilikuwa kama sheria. Aliyekatika kano alifungwa kitambaa, akaachwa awe kiwete.

Aliyekwenda kinyume na hofu hiyo ni Ibn Sina (aliyezaliwa mwaka 980 na kufa 1037), ambaye katika kitabu chake cha Qanun alieleza kuwa kano iliyokatika yaweza kushonwa. Na kabla yake kidogo, huko Andalus karibu na Kordoba, Abul-Qasim al-Zahrawi (936 mpaka 1013) aliandika kitabu cha Tasrif chenye sehemu 30, na ya mwisho aliifanya ya upasuaji, akachora humo kiasi cha vyombo 200, akaeleza na nyuzi za matumbo ya wanyama za kushonea. Kitabu hicho kiligeuzwa Kilatini katika karne ya 12, na wapasuaji wa Ulaya walikisoma kwa mamia ya miaka.

Nayasema haya si kwa kujisifu kwa mababu. Nayasema kwa sababu wako ndugu zetu wanaodhani kuwa kumwendea mwenye kisu ni upungufu wa tawakkul. Imepokewa katika hadithi sahihi kuwa Mtume (s.a.w.) alimpelekea sahaba wake Ubayy bin Kaab tabibu, naye akamkata mshipa kisha akamchoma moto mahali pale. Hakumwambia akae asubiri tu. Na ni yeye aliyetuamrisha kutafuta dawa, akatufahamisha kuwa Mola hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia tiba.

Huko Ulaya, Mfaransa Ambroise Paré aliandika juu ya kano ya kisigino iliyokatika mwaka 1575, akaitibu kwa kuifunga. Hatua kubwa ilikuja mwaka 1831, alipotokea Mjerumani Georg Stromeyer akaikata kano ya kisigino kwa kisu chembamba kupitia tundu dogo la ngozi, ili kuunyosha mguu uliopinda. Mwaka 1836 alimtibu hivyo daktari kijana wa Kiingereza, William John Little, aliyekuwa na mguu uliopinda, na Little akarudi London akaanzisha hospitali ya viungo. Ikadhihirika kuwa kano iliyokatwa kwa ujuzi huota tena ikaunga. Mpaka leo watoto wetu wanaozaliwa na miguu iliyopinda hutibiwa kwa plasta za kila wiki na mkato mdogo wa kano hiyo hiyo, kwa njia ya daktari Ponseti, na njia hiyo hutumika hapa Tanzania. Basi mzazi asimfiche mtoto wa namna hiyo ndani, ampeleke mapema.

Ilikuja dawa ya usingizi mwaka 1846 ikaondoa mateso ya kisu, na mwaka 1867 Joseph Lister akaeleza jinsi ya kuzuia vidonda vya upasuaji visioze. Tangu hapo kisu kikawa na nguvu kuliko wakati wowote. Na mwenye nguvu, msomaji, hujaribiwa kuitumia.

KISU CHAJIFUNZA KUNGOJA

Katika karne ya 20 madaktari walianza kuwapasua si waliokatika kano tu, bali na wenye maumivu sugu. Mswedi Patrick Haglund alieleza mwaka 1928 juu ya nundu ya mfupa inayoota nyuma ya kisigino ikasuguana na kano na kiatu. Wengine wakaifungua kano yenyewe, wakatoa sehemu iliyoharibika. Wako waliopona vizuri, wako waliopona nusu, na wako walioharibika zaidi. Mahali pale ngozi ni nyembamba na damu ni haba, hasa sentimita mbili mpaka sita juu ya mfupa, kwa hiyo kidonda chake huchelewa kufunga.

Kisha kilitokea kisa ambacho kwangu ni darsa tosha. Daktari Håkan Alfredson wa mji wa Umeå, Sweden, alikuwa mpasuaji na mkimbiaji, na kano ilimuuma yeye mwenyewe. Husimulia kuwa alimwomba mkubwa wake ampasue, akakataliwa, kwa kuwa kazi ingekosa mtu. Kwa hasira akaamua kuipakia kano mzigo mpaka ikatike, ili wapende wasipende wampasue. Akawa anasimama ukingoni mwa ngazi, anakishusha kisigino polepole, tena na tena, juu ya maumivu yale yale. Kano haikukatika. Ilipona!

Mwaka 1998 yeye na wenzake walitangaza habari za wakimbiaji 15 waliokuwa na maumivu sugu na wakingojea kisu. Walipewa zoezi hilo: kushusha kisigino mara 15, kwa mafungu matatu, goti likiwa limenyooka, kisha vivyo hivyo goti likiwa limekunjwa, mara mbili kwa siku, kila siku, kwa wiki 12. Wote 15 walirudi kukimbia. Baadaye ikajulikana kuwa si kila mtu hupona hivyo, na kwamba mwenye maumivu pale kano inapoingia mfupani asishushe kisigino chini ya ngazi bali afanyie sakafuni. Lakini mlango ulikuwa umefunguka. Watafiti walieleza kuwa katika maumivu sugu nyuzi za kano huwa zimevurugika kuliko kuvimba tu, na kinachozipanga upya ni mzigo wa kipimo, wa kila siku, kwa miezi. Kulala kitandani tu hakutoshi, na kuendelea na magunia ni kuiangamiza.

Hivyo historia imezunguka. Kwa miaka elfu moja watu walikuwa wakiogopa kisu pale kilipohitajiwa. Kisha kwa miaka mia wakakikimbilia pale kilipoweza kungoja. Hekima iko katikati.

TIBA YA LEO

Dodoma iliamuliwa kuwa makao makuu ya nchi mwaka 1973, na leo ni jiji. Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa mwaka 2007, na kando yake ikafunguliwa Hospitali ya Benjamin Mkapa mwaka 2015. Zamani mgonjwa wa kati alilazimika kuteremka Muhimbili, ambako taasisi ya mifupa iliundwa kwa sheria ya mwaka 1996. Sasa madaktari wa mifupa wanapatikana juu ya uwanda ule ule ambao mpagazi aliachwa chini ya mbuyu.

Niliingia na mpwa wangu kwa daktari, nikauliza kama aulizavyo mwanafunzi. Naye alitueleza kwa upole, na nayaandika kwa faida ya wote.

Kwanza, mazoezi ya kano kwa muda usiopungua miezi mitatu, na kwa kawaida mpaka sita, pamoja na kupunguza mzigo na kuweka kipande cha kuinulia kisigino ndani ya kiatu. Walio wengi hawahitaji zaidi ya hapo. Akaonya juu ya sindano za steroidi ndani ya kano, kwa kuwa huweza kuidhoofisha hata ikakatika. Akaonya pia juu ya kumeza ovyo vidonge vya sipro vinavyonunuliwa dukani kama njugu: dawa za jamaa hiyo zinajulikana kuwadhuru baadhi ya watu kano zao, na mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani iliamuru ziandikwe onyo lake kali kabisa. Mwenye kupewa na daktari kwa haja asiziache kwa hofu. Lakini akihisi maumivu ya kano aseme mara moja.

Pili, haya yakishindwa, ndipo kisu, nacho si cha namna moja. Ugonjwa ukiwa katikati ya kano, mpasuaji huweza kutoboa matundu madogo na kuichana kano kwa urefu wake, ili uponaji uanze upya; au kukwangua upande wake wa ndani, ambako mishipa midogo ya damu na ya fahamu imeota na kuleta maumivu; au kuifungua wazi, akatoa sehemu iliyooza, akashona iliyobaki. Sehemu iliyoharibika ikizidi nusu, huazima kano ya kidole gumba cha mguu akaileta kusaidia. Ugonjwa ukiwa mfupani, hukata ile nundu ya Haglund na kifuko kilichovimba, na pengine huing'oa kano kidogo na kuifunga tena mfupani kwa vishikizo. Na kama misuli ya shavu la mguu imekaza mno, huweza kuilegeza hapo juu bila kuigusa kano.

Tatu, hatari zake: kidonda kuchelewa kupona au kuingia vijidudu, ganzi ya kudumu pembeni mwa mguu, damu kuganda katika mshipa, kano kukatika, na maumivu kubaki vile vile. Mwenye kisukari na mvuta sigara hatari yake ni kubwa zaidi. Na baada ya kisu mazoezi ni yale yale, wiki kadhaa za magongo na kiatu maalumu, kisha miezi sita mpaka mwaka ndipo mguu urudi katika nguvu zake. Kijana aliposikia hayo alishangaa. "Kumbe kisu nacho kinangoja?" akauliza. Daktari akamjibu kuwa kisu ndicho kinachongoja zaidi.

NANI ATABEBA GUNIA?

Alianza mazoezi. Baada ya wiki sita maumivu yalikuwa vile vile, na mimi nikaanza kumshuku. Nikamuuliza, "Mwanangu, unayafanya?" Akaniapia kuwa anayafanya, asubuhi na jioni. Kisha akainamisha kichwa akaniambia kuwa kati ya asubuhi na jioni alikuwa akibeba magunia. Ana mke, ana watoto wawili, na mchukuzi hulipwa kwa gunia, asiyebeba hali.

Hapo ndipo nilipoona haya, ndugu msomaji. Sisi tulikuwa tumekaa Bagamoyo tukijadiliana kisu na subira, kama kwamba subira ni kitu cha bure. Kila mmoja wetu alimwambia asubiri, na hapana aliyemuuliza atakula nini akisubiri. Tulikuwa kama ule msafara wa zamani: tuliutazama mzigo, hatukumtazama mchukuzi.

Tulikutana jamaa, tukagawana. Mmoja alichukua kodi ya chumba, mwingine unga na mafuta, mimi nikachukua karo za watoto. Kijana akaacha magunia kabisa, akafanya mazoezi kama alivyoagizwa. Alipata nafuu, akaweza kulala na kwenda msikitini bila kuchechemea, lakini sehemu moja ya kano ilibaki imevimba, na picha ya ultrasaundi ikaonyesha kuwa imeharibika ndani. Mwezi Machi 2025 daktari akashauri kisu, na mara hii mama yake mwenyewe alikubali, kwa kuwa aliona kuwa hatukukikimbilia wala hatukukikimbia. Aliifunguliwa kano, ikasafishwa, ikashonwa.

Katika siku za bendeji aliniuliza juu ya udhu, na hili nalisema kwa kuwa nyumba nyingi hulihitaji. Mwenye kufungwa plasta au bendeji kwa dharura haachi swala. Huosha sehemu iliyo wazi, hupangusa kwa maji juu ya kilichofungwa, na katika madhehebu yetu ya Shafi huongeza tayammamu. Na yako maelezo zaidi ambayo kila mmoja amuulize mwalimu wake. Asiyeweza kukaa kikao cha tahiyatu hukaa awezavyo, na kiti si aibu.

Mwezi Septemba 2025 nilikuwa Dodoma tena. Siku ile Alphonce Simbu, mzaliwa wa Singida, mtoto wa uwanda ule ule wa kati, alikuwa akikimbia marathoni ya ubingwa wa dunia huko Tokyo. Tuliitazama katika simu ya mpwa wangu. Mbio ziliisha kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, wawili wakiwa sambamba, na picha ndiyo iliyoamua kuwa Simbu ndiye wa kwanza, kwa tofauti ya sehemu tatu za mia za sekunde. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo. Kijana aliruka kwa furaha, kisha akasimama ghafula akitazama chini. Alikuwa amesimama kwa vidole vya mguu wa kulia peke yake, jambo ambalo hakuweza kwa miaka miwili. Mama yake alinyamaza, akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

Magunia hatayabeba tena. Daktari alimwambia wazi, naye amekubali. Sasa yuko mizanini, anapima. Nimemwusia jambo moja: apime kwa uadilifu, na akiona lumbesa aikatae, kwa sababu yeye ajua ni nani anayelipa kilo zile za ziada.

Ndugu msomaji, nyumbani kwako hapakosi mtu anayebeba. Yuko mchukuzi wa bandarini, yuko msukuma mkokoteni, yuko mama anayesimama kutwa mbele ya tanuri la mikate. Akilalamika kisigino, usimwambie subira na kwenda zako. Muulize ameonwa na nani. Mzuie asichomwe sindano na asiyejua. Usimtishe kwa kisu wala usimharakishe nacho. Na zaidi ya yote, mnunulie muda, kwa maana kano huponywa na Mola kwa muda, na muda wa maskini una bei. Mtume (s.a.w.) ametuamrisha tumpe mfanya kazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Basi nasi, ambao tumekula jasho la wapagazi tangu siku za Bagamoyo, tusimwache wa leo chini ya mbuyu.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awape madaktari wetu ujuzi na huruma, na aithibitishe miguu yetu siku ambayo miguu itateleza. Amin.

Wabillahi tawfiq.